Kiribati na Nauru: visiwa vilivyosagwa kuwa mbolea

Mkulima anayenunua mfuko wa mbolea ya kupandia, iwe DAP au TSP, ananunua mwamba uliosagwa na kupikwa kiwandani. Ndani ya punje zile mna fosforasi, kirutubisho kinachosaidia mizizi kushika na mche kupata nguvu mapema. Mahindi yakiikosa, majani hugeuka rangi ya zambarau na mmea hudumaa hata kama mvua ni nzuri. Naitrojeni ya mbolea ya urea hupatikana kutoka hewani, na hewa haina mwenyewe. Fosforasi haipatikani hivyo. Ni lazima ichimbwe ardhini, na ardhi daima ina watu wake.

Katika makala hii tunavitazama visiwa viwili vidogo vya Bahari ya Pasifiki, Banaba na Nauru, pamoja na visiwa vya Kiribati ambavyo Banaba ni sehemu yake. Kuanzia mwaka 1900 mwamba wa visiwa hivi ulibebwa kwa meli hadi kwenye mashamba ya ngano na malisho ya kondoo na ng'ombe huko Australia na New Zealand. Wakulima wa huko walifaidika sana. Waliozaliwa juu ya mwamba huo wa Banaba, wengi wao pamoja na watoto na wajukuu zao, leo wanaishi kisiwa kingine kabisa, ndani ya nchi nyingine.

Nchi iliyotawanyika baharini

Kwanza jina. Kiribati hutamkwa "Kiribas", kwa sababu katika lugha ya huko herufi "ti" husomwa kama "s". Neno lenyewe ni matamshi ya wenyeji ya "Gilberts", jina ambalo Waingereza waliwapa visiwa hivyo. Kwa kanuni hiyo hiyo kisiwa kikubwa kuliko vyote nchini humo, kinachoandikwa Kiritimati, si kingine bali "Krismasi".

Kiribati ina visiwa 33. Ukiviunganisha vyote unapata ardhi ya kilomita za mraba 811, yaani kama nusu ya Unguja. Lakini kutoka Banaba upande wa magharibi hadi visiwa vya mwisho upande wa mashariki ni zaidi ya kilomita 4,000, karibu sawa na kutoka Dar es Salaam hadi Lagos, na katikati yote ni maji. Eneo la bahari la nchi hiyo lafikia kilomita za mraba milioni 3.5, karibu mara nne ya Tanzania. Mji mkuu uko Tarawa. Nchi ilipata uhuru kutoka Uingereza tarehe 12 Julai 1979.

Nauru ni nchi nyingine inayojitegemea, umbali wa kilomita kama 300 magharibi ya Banaba. Ni kisiwa kimoja tu, chenye kilomita za mraba 21 na wakazi wapatao 12,000. Barabara inayokizunguka ina urefu wa kilomita 19 hivi. Mtu mwenye miguu mizuri anaimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Mawe yaliyojengwa na wadudu wa bahari

Wenzetu wa Unguja, Mafia, Kilwa na Lamu wanayajua mawe ya matumbawe: mepesi, yenye vishimo, makali kwa mguu mtupu, yanayochomwa kupata chokaa na kukatwa kwa ajili ya kuta. Karibu ardhi yote ya Kiribati ni mawe ya namna hiyo na mchanga wake. Jiwe la aina nyingine halipo.

Sababu yake iko chini sana. Zamani, mamilioni ya miaka iliyopita, volkano ziliinuka kutoka sakafu ya bahari hadi zikatoa vichwa juu ya maji. Kandokando ya kila mlima wa namna hiyo, kwenye maji ya joto yasiyo na kina, matumbawe yalianza kuota. Matumbawe ni jamii ya viumbe wadogo wanaojijengea nyumba za chokaa, kizazi juu ya kizazi. Volkano ilipozimika na kupoa, ilianza kudidimia kidogo kidogo pamoja na sakafu ya bahari. Matumbawe hayakukubali kuzama nayo. Yaliendelea kujenga kwenda juu yakifuata mwanga wa jua, mpaka mlima wenyewe ukatoweka na ikabaki pete ya matumbawe yenye maji tulivu katikati. Kisiwa cha umbo hilo huitwa atoli.

Maelezo haya yalitolewa na Charles Darwin katika kitabu chake cha mwaka 1842, na wapo wataalamu waliompinga kwa miaka mingi. Jibu lilipatikana mwaka 1952 katika atoli ya Enewetak, kwenye Visiwa vya Marshall, kaskazini ya Kiribati. Wamarekani, waliokuwa wakijiandaa kujaribu mabomu ya nyuklia hapo, walichimba mashimo marefu kupita chokaa tupu, na baada ya zaidi ya mita 1,200 wakakuta mwamba wa volkano. Darwin alikuwa amepatia.

Kwa anayeishi juu ya pete hiyo, jambo hili si la vitabuni tu. Hakuna chuma, hakuna shaba, hakuna udongo mwekundu, hakuna mfinyanzi, hakuna mto. Zamani wazee wa Kiribati walichonga mitumbwi kwa mashoka ya makombe makubwa ya bahari, kwa kuwa hawakuwa na jiwe gumu la kunolea shoka. Ardhi iko mita mbili au tatu tu juu ya bahari. Udongo ni mchanga wa chokaa usioshika maji wala rutuba, na mazao yanayouvumilia ni machache: mnazi, mkadi, mshelisheli.

Hata hivyo wakulima wa huko wana ufundi wao, na tunadhani unastahili kutajwa. Maji ya mvua yanayopenya mchangani hayachanganyiki mara moja na maji ya chumvi yaliyo chini. Maji matamu ni mepesi, kwa hiyo huelea juu ya yale ya chumvi ndani ya mwamba, yakiwa yamenenepa katikati ya kisiwa na kuwa membamba pembeni. Watu huchimba mashimo mapana hadi kuyafikia maji hayo, hujaza majani makavu na mboji, kisha hupanda humo babai, aina ya gimbi kubwa mno lenye majani yanayompita mtu kwa urefu. Shimo moja hurithiwa na vizazi. Lakini pampu ikivuta kupita kiasi, au wimbi kubwa likivuka kisiwa, chumvi huingia na gimbi hufa. Yeyote mwenye kisima karibu na pwani yetu atakuwa ameshaonja maji ya namna hiyo.

Visiwa viwili vilivyoinuka

Banaba na Nauru ni matumbawe vilevile, ila hivi viliinuliwa. Ganda la dunia chini yao lilijikunja na kuvisukuma juu, hata Banaba ikafikia mita 80 hivi juu ya bahari, na Nauru kama mita 70. Kilichokuwa bustani ya matumbawe kikawa kilima kikavu. Mvua ikaitafuna chokaa kwa muda mrefu mpaka ikaacha minara ya mawe iliyosimama kama meno, na kati ya mnara na mnara mashimo marefu.

Ndipo walipokuja ndege. Bahari ya karibu na mstari wa ikweta ina samaki wengi, na ndege wa baharini walihitaji mahali pakavu pa kulala na kutagia. Kinyesi chao, ambacho kimejaa fosforasi kutokana na mifupa ya samaki, kililundikana kwa maelfu na maelfu ya miaka. Mvua ikakiyeyusha na kukipeleka chini, kikakutana na chokaa, na vitu hivyo viwili vikaungana kuwa jiwe jipya: fosfeti. Wanasayansi bado hawakubaliani juu ya kila hatua ya safari hiyo, lakini matokeo yake yanapimika. Mashimo yote kati ya minara ya chokaa yalijaa fosfeti, na ubora wake ulikuwa miongoni mwa wa juu kabisa duniani.

Msomaji wa Manyara au Arusha huenda anatabasamu hapa, kwa sababu sisi tuna kisa kinachofanana na hicho karibu na nyumbani. Fosfeti ya Minjingu, wilayani Babati, nayo asili yake ni ndege. Ziwa Manyara lilikuwa kubwa zaidi zamani, kilima cha Minjingu kilikuwa kisiwa ndani yake, na minandi walijaa juu yake wakila samaki wa ziwani. Tofauti ni kwamba ziwa lilirudi nyuma likaacha kilima katikati ya ardhi pana, kwa hiyo ukikichimba kilima bado nchi inabaki. Si fosfeti zote zinatokana na ndege. Ile ya Sukulu, karibu na Tororo nchini Uganda, ni ya mwamba wa volkano. Banaba ina kilomita za mraba 6 tu, na fosfeti ilikuwa ndiyo udongo wenyewe ambao miembe, minazi na mikungu ya wenyeji ilisimama juu yake. Hakukuwa na njia ya kuichukua moja na kuiacha nyingine.

Jiwe la kuzuilia mlango

Biashara ya kinyesi cha ndege katika Pasifiki ilianza kabla ya Banaba kujulikana. Mwaka 1856 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyomruhusu raia wake kudai kwa niaba ya nchi kisiwa chochote kisicho na mwenyewe chenye kinyesi hicho. Visiwa kadhaa vikavu ambavyo leo viko ndani ya Kiribati, kama McKean, Enderbury na Malden, vilikwanguliwa katika karne ya 19. Mali hiyo ya juu juu iliisha upesi, na wafanyabiashara wakaanza kutafuta pengine.

Mwaka 1899 katika ofisi ya kampuni moja mjini Sydney, Australia, palikuwa na jiwe lililotumika kuzuilia mlango usijifunge. Lilikuwa limetoka Nauru, na waliokuwapo waliamini ni mti wa kale uliogeuka jiwe. Mfanyakazi kijana aliyeitwa Albert Ellis alilitilia shaka, akalipima, akakuta ni fosfeti safi. Nauru wakati huo ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, tangu 1888. Banaba, iliyoitwa Ocean Island na Waingereza, ilikuwa bado haijachukuliwa na dola yoyote, na Ellis akakisia kwamba mawe yake ni ya namna ile ile.

Alifika Banaba tarehe 3 Mei 1900. Siku hiyo hiyo alisaini mkataba na wazee wawili watatu, mmoja wao akiandikwa kuwa ni mfalme wa kisiwa, ingawa Banaba haikuwa na mfalme wala chifu mmoja wa wote. Mkataba uliipa kampuni haki ya kuchimba fosfeti yote ya kisiwa kwa miaka 999. Malipo yalikuwa pauni 50 kwa mwaka, au bidhaa za thamani hiyo.

Tunaomba msomaji asome tena mstari huo kabla ya kuendelea. Si miaka 9, wala 99. Na waliosaini hawakuwa na mamlaka juu ya ardhi ya majirani zao, kwa kuwa kule kila kiunga kilikuwa na familia yake, kama ilivyo sehemu nyingi za vijiji vyetu. Mwaka 1901 Uingereza iliitangaza Banaba kuwa yake, na mwaka 1902 ikaundwa Pacific Phosphate Company kuendesha kazi.

Uchimbaji mwanzoni ulikuwa wa sururu, koleo na vikapu. Wafanyakazi waliletwa kutoka visiwa vingine vya Gilbert na Ellice, kutoka Japani na China. Jiwe lilisagwa, likakaushwa, likapelekwa pwani kwa reli ndogo. Kwa kuwa visiwa hivi havina bandari, na bahari huwa na kina kirefu hatua chache tu nje ya miamba, meli zilifungwa kwenye maboya makubwa na fosfeti ikamiminwa ndani kupitia mikono mirefu ya chuma iliyonyooshwa juu ya maji. Nauru ilianza kuchimbwa mwaka 1906.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wakiwa wameshindwa, serikali tatu ziliinunua kampuni na kuunda tume iliyoitwa British Phosphate Commissioners. Uingereza na Australia zilipata asilimia 42 kila moja, New Zealand asilimia 16. Kuanzia hapo fosfeti iliuzwa kwa wakulima wa nchi hizo kwa gharama ya kuitoa tu, chini ya bei ya soko la dunia. Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Bei ndogo kwa mkulima wa kondoo wa New Zealand ilitokana na malipo madogo kwa mwenye ardhi wa Banaba. Walikuwa wafadhili wa kilimo cha nchi tajiri bila kuulizwa.

Walipoulizwa, walikataa. Mwaka 1927 wenye ardhi wa Banaba waligoma kutoa maeneo mapya kwa malipo yaliyopendekezwa. Mwaka 1928 serikali ya koloni ikatunga sheria ya kuiruhusu kuchukua ardhi hiyo kwa nguvu, na baadaye ikaitumia. Wanawake wa kisiwa waliikumbatia miti yao kuizuia isikatwe. Ilikatwa.

Vita, kisha Rabi

Mwezi Agosti 1942 wanajeshi wa Japani walivitwaa visiwa vyote viwili. Wabanaba walihamishwa kwa makundi kwenda Kosrae, Tarawa na Nauru. Kutoka Nauru watu wapatao 1,200 walipelekwa Chuuk, zaidi ya kilomita 1,500 mbali, ambako njaa na maradhi viliwaua wengi. Waliorudi Januari 1946 walikuwa 737. Kule Banaba vijana waliokuwa wamebakizwa kufanya kazi, wapatao 150, waliuawa kwa kupigwa risasi Agosti 1945 wakati Japani ilikwisha kusalimu amri. Mmoja tu alinusurika, akajificha pangoni.

Vita vilipokwisha, Wabanaba waliotawanywa waliambiwa kwamba nyumba zao zimeharibiwa na kwamba hawawezi kurudi. Serikali ya koloni ilikuwa imenunua kisiwa cha Rabi huko Fiji kwa fedha za mfuko wa Wabanaba wenyewe. Zaidi ya Wabanaba 700 pamoja na watu 300 wa visiwa vya Gilbert walishushwa Rabi tarehe 15 Desemba 1945, umbali wa zaidi ya kilomita 2,000 kutoka kwao. Walikuta mahema. Ulikuwa msimu wa vimbunga. Rabi ni kisiwa cha volkano, kijani, chenye mito na udongo mzuri, na baridi yake ilikuwa ngeni kwa watu waliotoka kwenye kilima kikavu cha ikweta.

Uchimbaji wa Banaba ulianza tena upesi, safari hii bila wenyeji wa kupinga. Uliendelea hadi mwaka 1979. Kwa jumla tani zipatazo milioni 20 ziliondolewa, na sehemu kubwa ya mapato ilikwenda kwenye serikali ya koloni, si kwa wenye ardhi.

Wabanaba walikwenda mahakamani London katika miaka ya 1970. Kesi ilisikilizwa kwa zaidi ya siku 200, moja ya kesi ndefu kuliko zote katika historia ya Uingereza, na jaji Robert Megarry alisafiri mpaka kisiwani kujionea. Hukumu ilitolewa mwishoni mwa 1976. Jaji alikiri kwamba walitendewa vibaya, lakini akasema serikali haikuwa na wajibu wa kisheria kama mdhamini wa mali yao. Walichoshinda ni fidia ndogo kwa sababu miti iliyoahidiwa mwaka 1913 haikupandwa upya. Mwaka 1977 serikali zikatoa pendekezo la dola milioni 10 za Australia, bila kukubali kosa.

Jambo moja hufanya kisa hiki kisiwe chepesi kama wengine wanavyokisimulia. Mwaka 1956 serikali ya koloni ilianzisha mfuko wa akiba kutokana na kodi ya fosfeti ya Banaba. Mfuko huo upo hadi leo, una thamani ya zaidi ya dola bilioni moja za Australia, na ni nguzo ya bajeti ya Kiribati yote. Kwa maneno mengine, shule na zahanati za visiwa 32 maskini zimesaidiwa na udongo wa kisiwa kimoja. Kwa mtu wa Tarawa hiyo ni mali ya taifa iliyotunzwa vizuri. Kwa Mbanaba wa Rabi ni mali ya babu yake. Uhuru ulipokaribia, Wabanaba waliomba kisiwa chao kitengwe na Kiribati. Hawakukubaliwa, ila katiba iliwapa kiti bungeni na kulinda haki zao za ardhi.

Nauru ilichagua njia nyingine

Watu wa Nauru walirudi kwao baada ya vita, na hilo liliwapa nguvu. Katika miaka ya 1960 Australia ilipendekeza kuwahamishia kisiwa cha Curtis, pwani ya Queensland, kwa kuwa makwao kungekwisha. Walikataa. Wakiongozwa na Hammer DeRoburt walipata uhuru tarehe 31 Januari 1968, wakanunua migodi kwa dola milioni 21 za Australia, na kuanzia 1970 fosfeti ikawa yao kabisa, kwa bei ya dunia.

Kwa miaka kadhaa Nauru ilihesabiwa kati ya nchi tajiri zaidi duniani kwa kila mkazi. Serikali ilijenga jumba la ghorofa 52 mjini Melbourne, ikaanzisha shirika la ndege, ikagharamia hata mchezo wa kuigiza wa muziki mjini London mwaka 1993 ambao ulifungwa baada ya muda mfupi. Fedha za vizazi vijavyo ziliyeyuka katika uwekezaji mbovu na usimamizi mbaya. Jumba la Melbourne liliuzwa mwaka 2004. Fosfeti ya juu ilikuwa imekaribia kwisha, na kuanzia 2001 sehemu ya kipato cha nchi ilitokana na kuwahifadhi kambini waomba hifadhi ambao Australia haikutaka kuwapokea.

Mwaka 1989 Nauru iliishtaki Australia katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague, ikidai kwamba ardhi iliyochimbwa kabla ya uhuru ingepaswa kurekebishwa. Mahakama ilikubali kuisikiliza, na mwaka 1993 Australia ikaafikiana na Nauru nje ya mahakama kwa dola milioni 107.

Kurekebisha ardhi hiyo si kazi ya kusawazisha kwa trekta. Fosfeti ikishaondolewa kinachobaki ni ile minara ya chokaa, mingine mirefu kama nyumba ya ghorofa, iliyobanana kiasi kwamba mtu hawezi kupita kati yake. Hakuna udongo. Karibu asilimia 80 ya Nauru iko hivyo, na watu huishi kwenye ukanda mwembamba wa pwani. Ili kulima ni lazima minara ivunjwe, mashimo yajazwe, kisha udongo upatikane kutoka mahali fulani.

Fosfeti hiyo iliacha alama hata kule ilikopelekwa. Mwamba wa Nauru na Banaba una kadimiamu nyingi kiasi, madini yenye sumu ambayo hujikusanya katika figo za wanyama na watu. Miongo ya kumwaga mbolea yake mashambani iliongeza kadimiamu katika udongo wa malisho ya New Zealand na Australia, na mpaka leo nchi hizo huipima.

Kokoto na mawe ya kilindini

Katika atoli nyingine za Kiribati madini yanayogombewa leo ni ya kawaida sana: mchanga na kokoto za kujengea. Tarawa Kusini ina msongamano mkubwa wa watu, na kila tofali la saruji hutaka mchanga. Ukiuchota ufukweni, wimbi linalofuata linakula shamba la jirani. Kwa msaada wa Umoja wa Ulaya nchi ilianzisha mradi wa kuchimba mchanga kutoka chini ya maji ya katikati ya atoli badala ya ufukweni. Uchotaji wa ufukweni haujakoma, maana wengine kipato chao ni hicho.

Kisha kuna mawe yaliyo kilindini. Kwenye sakafu ya Pasifiki, mita 4,000 hadi 6,000 chini, yametawanyika mawe meusi ya ukubwa wa kiazi mviringo, yenye manganizi, nikeli, shaba na kobalti, madini yanayotakiwa kwa betri. Kila jiwe hukua milimita chache kwa miaka milioni moja, na wanasayansi wanaonya kwamba viumbe wanaoishi juu yake hawatarudi upesi likiondolewa. Eneo lenye mawe mengi zaidi liko mashariki ya Kiribati, katika bahari isiyo ya nchi yoyote, na vibali hutolewa na mamlaka ya kimataifa yenye makao yake Kingston, Jamaica. Kampuni ikitaka kibali sharti idhaminiwe na nchi. Nauru imeidhamini kampuni moja tangu 2011, na shirika la serikali ya Kiribati lilipata mkataba wa utafiti mwaka 2015. Juni 2021 Nauru ilitumia kifungu kinachoitaka mamlaka hiyo ikamilishe kanuni za uchimbaji ndani ya miaka miwili. Muda huo ulipita Julai 2023 bila kanuni kukamilika.

Serikali ya Nauru inasema nchi iliyobaki bila ardhi ya kulima inahitaji kipato. Majirani zake kadhaa wa Pasifiki wametaka uchimbaji usitishwe kwanza. Sisi tunaona kwamba swali la kumuuliza yeyote anayeleta mkataba wa namna hii ni lile ambalo halikuulizwa Banaba tarehe 3 Mei 1900: anayesaini anasaini kwa niaba ya nani, na kwa miaka mingapi?

Banaba leo

Watu wapatao 300 wanaishi Banaba, wakitunza kisiwa kwa niaba ya ndugu zao wa Rabi. Mashine zilizoachwa mwaka 1979 bado zinaota kutu pwani. Zamani kisiwa kilikuwa na mapango yaitwayo te bangabanga, ambamo maji ya mvua yalichuruzika na kutulia gizani hata wakati wa kiangazi kirefu. Ni wanawake tu walioruhusiwa kuingia, wakitambaa kwa matumbo na vifuu vya nazi vya kutekea. Uchimbaji uliharibu mengi ya mapango hayo, ukatoboa paa zake na kuchafua maji yake.

Mwishoni mwa 2020 na mwaka 2021 mvua ziligoma. Mtambo wa kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari ukaharibika, na wakazi wakabaki wakisubiri meli ya maji. Mwaka 2023 kampuni moja ya Australia ilitangaza nia ya kuchunguza fosfeti iliyobaki kati ya minara ya Banaba. Wabanaba wengi, wa kisiwani na wa Rabi, walipinga hadharani, na baadhi yao wakauliza kwanza nani atatengeneza mapango ya maji.